SOMO LA KOMPYUTA: KUCHAGUA KOMPYUTA MPAKATO NA KUAMUA JUU YA KUONGEZA KUMBUKUMBU

Kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wote wa Unguja na Pemba

1. UTANGULIZI

Kompyuta mpakato, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita laptopu, si chombo cha anasa tena. Karani huandikia barua, mwalimu huandalia masomo na kutunzia alama za wanafunzi, mwenye duka hufanyia hesabu zake, na mwanafunzi wa chuo huandikia utafiti. Kwa watu wengi ununuzi wake ni akiba ya miezi mingi. Kwa wengine ni mkopo unaokatwa kwenye mshahara kidogo kidogo. Kwa hivyo kosa moja la uchaguzi ni hasara ambayo mtu huishi nayo kwa miaka.

Makosa mawili ndiyo yanayojitokeza mara kwa mara. La kwanza ni kununua mashine yenye kumbukumbu ndogo isiyoweza kuongezwa, na mnunuzi akalijua jambo hilo baadaye kwa fundi. La pili ni kulipia nyongeza ya kumbukumbu kwa mashine ambayo maradhi yake ni mengine kabisa, ikawa fedha imetoka na mashine imebaki vile vile.

Somo hili linakusudia kumwezesha msomaji kuyaepuka yote mawili. Likisomwa lote, mambo mawili ndiyo yanayotakiwa kubaki kichwani: wakati wa kununua, fedha itangulie kwa kile kisichoweza kubadilishwa baadaye, na wakati wa kutengeneza, nyongeza isilipiwe kabla ya mashine kupimwa.

2. KUMBUKUMBU NI KITU GANI

Tuchukue mfano wa ofisi. Karani ana kabati la majalada na ana meza. Kabati huhifadhi majalada yote, na ofisi ikifungwa usiku, yote hubaki humo. Juu ya meza huwekwa yale tu yanayoshughulikiwa saa hiyo. Katika kompyuta, diski ndiyo kabati. Na kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu, ndiyo meza. Mashine ikizimwa, meza hufagiliwa yote. Ndiyo maana barua isiyohifadhiwa hupotea umeme unapokatika kwenye mashine isiyo na betri.

Meza ikijaa, karani hulazimika kurudisha jalada kabatini kila anapotaka kufungua jengine, na kazi huzorota kwa safari za kwenda na kurudi. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Kumbukumbu ikijaa, huazima sehemu ya diski na kuitumia kama meza ya pembeni. Kwa kuwa diski, hata iliyo ya kasi, ni nzito mno ikilinganishwa na kumbukumbu, mtumiaji huona mashine ikisita, kishale kikizunguka, na programu zikigoma.

Mfano huu unatufundisha jambo jengine. Ikiwa meza haijajaa, kumletea karani meza kubwa zaidi hakumfanyi aandike upesi. Vile vile, kuongeza kumbukumbu kwenye mashine ambayo kumbukumbu yake haijai hakuleti faida kubwa, hata fundi akisema nini.

Kumbukumbu na diski hupimwa kwa kipimo kimoja, gigabaiti, kwa kifupi GB, na hapo ndipo wanunuzi wanapochanganyikiwa. Muuzaji akisema mashine ina "GB 256", anazungumzia kabati, si meza. Mnunuzi aulize kila kimoja kwa jina lake: kumbukumbu ni GB ngapi, na diski ni GB ngapi.

3. KIASI GANI KINATOSHA

Mfumo wa Windows 11, uliotolewa Oktoba 2021, uliwekewa kima cha chini cha kumbukumbu cha GB 4. Kima hicho ni cha kuiwezesha mashine kuwaka, si cha kumwezesha mtu kufanya kazi kwa utulivu. Viwango vifuatavyo vinafaa kuchukuliwa kama mwongozo:

(a) GB 4: Kuandika barua na kusoma nyaraka, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Haishauriwi kununua mashine mpya ya kiwango hiki.

(b) GB 8: Barua, majedwali ya kawaida, barua pepe na kurasa chache za intaneti. Inatosha kwa kazi nyingi za ofisi za leo, lakini haina akiba kubwa ya kesho.

(c) GB 16: Mikutano ya video huku majedwali makubwa na kurasa nyingi zikiwa wazi. Hiki ndicho kiwango cha busara kwa mashine inayotarajiwa kutumika miaka mitano au zaidi. Hata kampuni ya Apple, ambayo kwa miaka kadhaa iliuza MacBook Air kuanzia GB 8, ilipandisha kianzio chake hadi GB 16 mwezi Oktoba 2024.

(d) GB 32 na kuendelea: Michoro ya majengo, ramani za ardhi, uhariri wa filamu na kazi nyengine nzito. Asiyefanya kazi hizo hana haja nayo.

4. KUMBUKUMBU INAYOONGEZEKA NA ISIYOONGEZEKA

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kumbukumbu huwekwa ndani ya kompyuta mpakato kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya tundu. Kumbukumbu huwa ni kibao chembamba kinachochomekwa kwenye tundu lake juu ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Kibao hicho huchomolewa na kuwekwa chengine kwa dakika chache.

Njia ya pili ni ya kulehemu. Vipande vya kumbukumbu hulehemiwa juu ya ubao mkuu kiwandani. Mashine ya namna hii hubaki na kiasi ilichozaliwa nacho hadi mwisho wa maisha yake.

Njia ya tatu ni mchanganyiko: sehemu imelehemiwa, na pembeni pana tundu moja la nyongeza.

Msomaji asifikiri kwamba kulehemu ni udanganyifu wa viwanda. Kumbukumbu iliyolehemiwa huruhusu mashine kuwa nyembamba, na aina nyingi za namna hiyo hutumia umeme mdogo. Lakini mwenye kununua mashine hiyo hufanya uamuzi wake wa kumbukumbu siku moja tu, nayo ni siku ya kulipa.

Tatizo ni kwamba jina la mashine halitoshi kumwambia mtu ni ya njia ipi. Tuangalie mifano ya mashine za ThinkPad, ambazo hupatikana kwa wingi katika maduka ya mitumba. ThinkPad X270 ya mwaka 2017 ina tundu moja la kumbukumbu. Iliyoifuata, X280 ya mwaka 2018, imelehemiwa yote. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina matundu mawili. Ndugu yake T480s, iliyotafautiana nayo kwa herufi moja tu, ina sehemu iliyolehemiwa na tundu moja. T490 ya mwaka 2019 nayo ni mchanganyiko, na mashine nyembamba za X1 Carbon zimelehemiwa zote. Katika mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilitoa T14 ya kizazi cha tano ikiwa na matundu mawili. Kwa hivyo upya wa mashine si dalili ya kuongezeka wala ya kutoongezeka.

Kwa upande wa kampuni nyengine, HP EliteBook 840 G5 ya mwaka 2018 na Dell Latitude 7490 ya mwaka huo huo zina matundu mawili kila moja. MacBook Air imekuwa na kumbukumbu iliyolehemiwa tangu ilipotoka mwaka 2008, na hakuna fundi wa kawaida awezaye kuiongeza.

Kuna njia mbili za kuhakikisha. Ya kwanza ni kusoma kitabu cha matengenezo cha mtengenezaji kwa jina kamili la modeli, pamoja na herufi na namba zote zilizoandikwa chini ya mashine. Ya pili, kwa mashine ya Windows inayowaka, ni kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kuchagua ukurasa ulioandikwa "Performance", kisha "Memory". Chini yake pana mstari wa "Slots used", yaani matundu yaliyotumika, na mstari wa "Form factor", yaani umbo la kumbukumbu. Pakiandikwa "SODIMM", ni kibao cha kuchomeka. Pakiandikwa "Row of chips", kwa kawaida ni kumbukumbu iliyolehemiwa. Idadi ya matundu inayoonyeshwa hapo wakati mwengine hupotosha kwa mashine za kulehemu. Kwa hivyo njia ya kwanza ndiyo yenye neno la mwisho.

5. MAMBO YA KUANGALIA WAKATI WA KUNUNUA

Mnunuzi agawe sifa za mashine katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la visivyobadilika, au ambavyo kuvibadilisha ni ghali: prosesa, ubora wa kioo, kibodi, uzito, na kumbukumbu iliyolehemiwa. Fungu la pili ni la vinavyobadilika: kumbukumbu ya tundu, betri, na katika mashine nyingi diski. Fedha ikiwa ni kidogo, ielekezwe kwenye fungu la kwanza. Mashine yenye prosesa nzuri na kumbukumbu ndogo ya tundu itaweza kukuzwa mwaka ujao. Mashine yenye diski kubwa na kumbukumbu ndogo iliyolehemiwa haitakua kamwe.

Prosesa. Huduma ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza ya ulinzi kwa watumiaji binafsi uliwekewa mwisho wa tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 hukubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache. Kizazi hutambuliwa kwa tarakimu za baada ya mstari: i5-8350U ni ya kizazi cha nane, na i5-7300U ni ya kizazi cha saba. Tahadhari inahitajika, kwani mashine kama T480 na EliteBook 840 G5 ziliuzwa zikiwa na prosesa za vizazi vyote viwili. Mashine mbili za jina moja zaweza kukaa rafu moja, moja ikakubali mfumo mpya na nyengine ikakataliwa. Jina la modeli pekee lisiaminiwe. Namba ya prosesa isomwe.

Betri. Wakaazi wa Unguja hawajasahau kukatika kwa umeme kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, wala kule kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Hata nje ya matukio makubwa kama hayo, betri nzima ni kinga ya kazi ya mtu. Mashine ya mitumba iwashwe dukani bila ya chaji na iachwe ifanye kazi kwa muda, ili ionekane inadumu vipi. T480 ina faida ya betri mbili, na ile ya nyuma hutolewa na kubadilishwa bila ya kufungua mashine.

Hali ya mwili wa mashine. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma. Matundu ya chaji na ya flashi yaangaliwe kama yana kutu au rangi ya kijani. Bawaba za kioo zijaribiwe. Mashine izimwe na kuwashwa tena mbele ya mnunuzi, ili kuhakikisha kwamba haina neno la siri la mwenyewe wa zamani. Kufuli ya namna hiyo, ikiwa imewekwa na kampuni iliyokuwa ikimiliki mashine, yaweza kuifanya mashine nzima kuwa haina thamani.

Maandishi. Risiti iandikwe modeli kamili, prosesa, kiasi cha kumbukumbu, kiasi cha diski na muda wa dhamana. Ahadi ya mdomo kwamba "ramu inaongezeka" nayo iandikwe kwenye risiti. Muuzaji mkweli hatakataa.

6. KABLA YA KUONGEZA KUMBUKUMBU: PIMA KWANZA

Mashine nzito haina maana kwamba kumbukumbu ni ndogo, kama vile homa haina maana kwamba ni malaria. Kipimo kifanywe kwanza, na kipimo chenyewe hakina gharama.

Mtumiaji afanye kazi yake nzito ya kawaida: afungue majedwali, kurasa na programu zote anazozitumia kwa pamoja. Mashine ikianza kusita, abonyeze Ctrl, Shift na Esc na kutazama asilimia za mistari mitatu: "CPU", yaani prosesa, "Memory", yaani kumbukumbu, na "Disk", yaani diski. Atazame kwa dakika kadhaa, na arudie kwa siku mbili au tatu.

(a) Kumbukumbu ikikaa juu ya asilimia 85 au 90 muda wote wa kazi, meza imejaa. Nyongeza itasaidia.

(b) Kumbukumbu ikiwa asilimia 50 au 60 tu, huku diski ikiwa asilimia 100, kabati ndilo lenye tatizo. Mara nyingi hiyo ni diski ya zamani ya kuzunguka. Dawa yake ni diski ya SSD, na tafauti huonekana tangu mashine inapowaka.

(c) Prosesa ikiwa asilimia 100 na vyengine vikiwa chini, huenda pana virusi, programu iliyokwama, vumbi linaloziba feni, au prosesa imezidiwa na kazi. Kumbukumbu haihusiki.

(d) Vyote vikiwa chini na kurasa za intaneti pekee ndizo nzito, tatizo ni mtandao, si mashine.

Kabla ya kutoa fedha, mtumiaji ajaribu pia dawa za bure: azime programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi, apunguze kurasa anazoziacha wazi, na aizime mashine na kuiwasha upya badala ya kuifunika tu kwa wiki nzima. Aidha, kwa mashine za zamani, aangalie kama Windows yake ni ya biti 32. Mfumo huo hauwezi kutumia zaidi ya GB 4. Akifunga GB 8, nusu ya fedha yake itakaa bure.

7. MIFANO MITATU

Mfano wa kwanza. Mwalimu wa skuli ana mashine ya kizazi cha nne yenye GB 4 na diski ya kuzunguka. Anashauriwa aongeze kumbukumbu, anafunga GB 8, na mashine bado inachukua dakika nyingi kuwaka. Akipima, anakuta kumbukumbu imetumika nusu na diski imefika asilimia 100. Lau angalipima mwanzo, fedha ile ile ingaliweza kununua diski ya SSD. Hata hivyo alipaswa kujiuliza swali la awali zaidi: je, mashine isiyokubali Windows 11 inafaa kutumiliwa fedha? Kama ni ya kuandikia tu na haiunganishwi na intaneti, pengine ndiyo. Kama ni ya kutunzia siri za watu na kufungulia barua pepe, ni bora fedha iwekwe kwa ajili ya mashine nyengine.

Mfano wa pili. Karani wa mishahara ana EliteBook 840 G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane, diski ya SSD na kibao kimoja cha GB 8; tundu la pili liko tupu. Kila mwisho wa mwezi kumbukumbu hufika asilimia 93. Huyu nyongeza inamfaa moja kwa moja. Kibao cha pili cha GB 8 kitamfikisha GB 16, na vibao viwili vilivyo sawa hufanya kazi kwa sambamba, hivyo mashine hupata na wepesi wa ziada. Hana haja ya kununua mashine mpya.

Mfano wa tatu. Mzazi anamchagulia binti yake anayeingia chuoni. Mbele yake pana mashine mpya, nyembamba, ya GB 8 iliyolehemiwa, na pana T480 ya mitumba ya GB 8 yenye tundu moja tupu, bei zikikaribiana. Mashine mpya ni nyepesi, ina dhamana na betri isiyotumika. Mashine ya mitumba ni nzito, lakini itakua. Masomo yakiwa ya kuandika na kusoma, mashine mpya itatosha. Yakiwa ya uhandisi au ramani, GB 8 isiyoongezeka itamkwamisha kabla ya kumaliza miaka yake, na mzazi atanunua mara mbili. Uamuzi wa tatu, ambao mara nyingi husahauliwa, ni kungoja mwezi mmoja au miwili zaidi na kununua mashine nyembamba yenye GB 16 tangu dukani.

8. UNUNUZI NA UFUNGAJI WA KIBAO

Vibao vya kumbukumbu vina vizazi: DDR3, DDR4 na DDR5. Kila kizazi kina mkato wake mahali pake, na kimoja hakiingii katika tundu la kingine. Kibao cha DDR3 cha kompyuta mpakato kina pini 204, cha DDR4 pini 260, na cha DDR5 pini 262. Mnunuzi aende dukani na jina kamili la modeli, aina ya kizazi, na kiasi cha juu kinachokubaliwa na mashine. Vibao viwili vya kasi tafauti vikifungwa pamoja, vyote hufuata kasi ya kile kilicho cha polepole. Kwa hivyo hakuna faida ya kulipia kasi ambayo haitatumika.

Kuhusu bei, wasomaji wazingatie kwamba katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda kwa kasi duniani, kwa sababu viwanda vikubwa vilielekeza sehemu kubwa ya uzalishaji wao kwenye kompyuta za akili bandia. Disemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia wateja wa kawaida vibao vya jina la Crucial. Bei aliyoisikia mtu mwaka uliopita isimfanye apange bajeti ya leo. Kibao kilichotumika si kibaya kwa sababu hiyo tu, kwani hakina kitu kinachozunguka wala kuchakaa haraka; lakini kijaribiwe kabla ya kulipwa.

Ufungaji wenyewe ufuate utaratibu huu:

(i) Nyaraka muhimu zinakiliwe kwanza mahali pengine.

(ii) Mashine izimwe kabisa, chaji itolewe, na betri itolewe au itenganishwe. Kwa mashine zenye betri ya ndani kama T480, betri hiyo huzimwa kwanza kwenye mipangilio ya mwanzo ya mashine.

(iii) Mashine iliyotoka chumba cha kipoza hewa isifunguliwe papo hapo kwenye joto la nje. Unyevu wa hewa yetu hutanda kama umande juu ya vyuma baridi. Iachwe ipate joto la chumba.

(iv) Fundi aguse chuma kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini, na akamate kibao kwa kingo zake, si kwa pini.

(v) Kibao kiingizwe kwa mshazari, kisha kilazwe taratibu hadi vishikizo vya pembeni vilie. Kisipoingia, kisilazimishwe; ama kimegeuzwa, ama si cha kizazi chake.

(vi) Mashine ikiwashwa mara ya kwanza, kioo chaweza kubaki cheusi kwa dakika moja au zaidi, hasa kwa DDR5, wakati mashine inakizoea kibao kipya. Mtumiaji asiogope wala asizime haraka.

(vii) Kiasi kipya kihakikishwe kwenye ukurasa wa "Memory", na kipimo cha Windows Memory Diagnostic kiendeshwe kabla ya fundi kuondoka.

9. KWA MASHINE ZA OFISI

Kompyuta ya ofisi ni mali ya umma. Haifai mtumishi kuifungua au kumpa fundi wa mtaani bila ya idhini ya mkuu wake wa kazi, hata kama anakusudia wema na anatoa fedha yake mwenyewe. Ndani yake mna kumbukumbu za watu, na dhamana ya mtengenezaji huenda ikavunjika.

Maafisa wanaotayarisha maombi ya ununuzi wanashauriwa kuandika sifa kwa ukamilifu. Maneno "laptopu nzuri ya kisasa" hayamlazimishi mzabuni kwa lolote. Yaandikwe: kumbukumbu isipungue GB 16, au ikiwa GB 8, pawe na tundu lililo wazi la kuongezea, prosesa iwe inakubaliwa na mfumo unaotumika, diski iwe SSD, na dhamana iwe ya muda uliotajwa. Mstari mmoja kuhusu tundu unaweza kuongeza umri wa mashine zote za idara.

Kibao cha zamani kinachotolewa nacho kiorodheshwe. Kibao cha GB 8 kilichotolewa mashine moja chaweza kuwa tiba ya mashine nyengine katika ofisi jirani. Mashine inapoondolewa kwenye matumizi, kumbukumbu ya kazi haina siri iliyobaki ndani yake, lakini diski inazo zote. Hiyo ifutwe au iharibiwe kwa utaratibu uliowekwa.

10. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Muuzaji anasema mashine ina "GB 512". Je, unajua kumbukumbu yake ni kiasi gani?
2. Kumbukumbu imetumika asilimia 55 na diski asilimia 100. Utaongeza kumbukumbu?
3. Unaoneshwa T480s kwa maelezo kwamba "ni sawa na T480". Utauliza nini?
4. Una fedha ya kulipia ama diski kubwa zaidi ama GB 16 zilizolehemiwa. Utachagua kipi kwanza?

Majibu: (1) Hapana, hiyo ni diski, uliza kumbukumbu kwa jina lake. (2) La; tatizo ni diski. (3) Ni kiasi gani kimelehemiwa, na tundu moja lililopo lina nini. Pia namba ya prosesa. (4) Kumbukumbu iliyolehemiwa, kwa sababu diski mara nyingi hubadilishwa baadaye na kumbukumbu hiyo haibadilishwi kamwe.

11. HITIMISHO

Wahenga wamesema, majuto ni mjukuu. Mnunuzi anayetumia nusu saa kusoma namba zilizo chini ya mashine, na mtumishi anayetazama asilimia tatu kabla ya kumwita fundi, wote wawili huokoa fedha ambayo katika nyumba nyingi ina kazi nyengine ya kufanya. Wasomaji wanaombwa kulikata somo hili na kulihifadhi, na kwenda nalo dukani siku ya kununua. Aliyelielewa amsomee na mwenzake.